Kusoma Sosholojia ya Jamii ya China: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mwanafunzi akisema nyumbani kwamba amechagua sosholojia chuo kikuu, na kwamba anataka kujikita kwenye jamii ya China, maswali humiminika kabla hajamaliza kueleza. Mjomba atauliza kama hiyo ndiyo kozi ya ustawi wa jamii. Shangazi atauliza Kichina atajifunzia wapi. Mwingine atasema Wachina tunao hapa kila siku, tunawajua, kuna nini cha kusomea miaka mitatu? Wanaouliza wana nia njema, lakini mengi ya maswali haya yamesimama juu ya mambo yasiyo kweli, na vijana wenye vipaji huacha somo zuri kwa sababu yake.

La mjomba ni jepesi. Ustawi wa jamii hufundisha kumhudumia mtu au familia yenye shida. Sosholojia inauliza kwa nini shida ile inawapata watu wa aina fulani na kuwapita wengine, na inatafuta jibu kwa dodoso, takwimu, mahojiano na kukaa na watu muda mrefu. Fani hizi ni ndugu, ila kila moja ina kazi yake. Mazito ni yale yanayosemwa kuhusu Wachina wenyewe.

"Wachina wote ni wamoja"

Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu bilioni 1.41. Serikali ya China inatambua makabila 56, na Wahan peke yao ni zaidi ya asilimia 91. Hesabu hiyo ndiyo inayowapoteza watu: wakiiona, hudhani wamekutana na jamii moja isiyo na mipaka ndani yake. Mhan wa Guangzhou anayezungumza Kikantoni na Mhan wa Suzhou anayezungumza Kiwu, kila mmoja akishika lugha ya kwao, hawaelewani. Wanakutana kwenye Kichina sanifu walichofundishwa shuleni.

Hata hivyo mpaka uliotenganisha maisha ya Wachina kwa muda mrefu zaidi si wa lugha wala kabila. Ni wa daftari. Tangu mwaka 1958 kila raia ameandikishwa mahali fulani chini ya mfumo unaoitwa *hukou*, na kwa miongo mingi andiko hilo lilimfanya kuwa mtu wa shamba au mtu wa mjini. Hadi mwaka 1998 mtoto alirithi andiko la mama yake. Zama za kiongozi Mao Zedong, aliyezaliwa kijijini alibaki kijijini, kwa kuwa mgawo wa chakula, nyumba na ajira mjini vilitolewa kwa wenye hukou ya mjini tu.

Mageuzi ya uchumi yalipoanza mwaka 1978, viwanda vya pwani vilihitaji mikono na watu wakaruhusiwa kusafiri kutafuta kazi, lakini daftari halikusafiri nao. Leo karibu watu milioni 300 wenye andiko la kijijini wanaishi kwa kazi zisizo za kilimo, wengi wao mbali na kwao. Wamejenga maghorofa ya Shanghai na kushona nguo zinazovaliwa dunia nzima, ila kumpatia mtoto nafasi katika shule ya serikali ya mji wanakofanya kazi kumekuwa taabu.

Tazama mtihani wa kuingia chuo kikuu, *gaokao*, ambao mwaka 2024 ulikuwa na watahiniwa zaidi ya milioni 13. Kwa kawaida mtoto huufanyia kwenye mkoa wa hukou yake, na vyuo vikuu hugawa nafasi kimkoa. Mtoto wa Beijing ana nafasi kubwa kuliko mwenzake wa Henan kuingia chuo cha juu chenye makao Beijing. Kwa hiyo mtoto wa mfanyakazi mhamiaji aliyekulia Beijing mara nyingi hulazimika kurudi mkoa asioujua ili afanye mtihani. Wengine hawajawahi kuondoka kijijini: wanalelewa na bibi na babu, na wazazi huwaona wakati wa sikukuu ya mwaka mpya. Mwaka 2014 serikali ilitangaza kuondoa ule mgawanyo wa andiko la kilimo na lisilo la kilimo, na miji midogo mingi imelegeza masharti. Miji mikubwa kabisa bado inabana.

Mtu akishajua haya, swali lake la kwanza kila anaposikia "Wachina wanapenda hivi" litakuwa: Mchina yupi, wa hukou gani, wa mwaka gani? Kwangu mimi hapo ndipo sosholojia ya China inapoanzia.

"Ni elimu ya Wazungu iliyopelekwa China juzi"

Dhana hii huniuma kuliko zote, kwa kuwa inafuta watu waliolipa gharama kubwa. Msomi wa Kichina Yan Fu alichapisha tafsiri yake ya Kichina ya kazi ya Mwingereza Herbert Spencer kuhusu sosholojia mwaka 1903. Kufikia miaka ya 1930, Chuo Kikuu cha Yenching kule Beijing kilikuwa na idara ya sosholojia iliyoongozwa na Wachina, na mwanasosholojia Robert Park wa Chicago alikwenda kufundisha pale mwaka 1932. Miongoni mwa wanafunzi alikuwemo kijana aitwaye Fei Xiaotong.

Mwaka 1935 Fei na mkewe Wang Tonghui, waliooana muda mfupi tu kabla, walikwenda milima ya Guangxi kufanya utafiti kwa Wayao wa huko, ambao si Wayao wa Afrika Mashariki. Fei alinasa kwenye mtego uliotegwa kwa ajili ya chui milia, akaumia vibaya. Mkewe alikwenda kutafuta msaada, akafa maji njiani. Mwaka uliofuata, akiwa bado anapona, Fei alikwenda kijiji cha Kaixiangong mkoani Jiangsu, ambako dada yake alikuwa akiwasaidia wakulima kuanzisha kiwanda cha ushirika cha hariri. Utafiti wa kijiji hicho ulimpatia shahada ya uzamivu London chini ya mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski, na mwaka 1939 ulitoka kama kitabu. Alionyesha kwamba familia nyingi zisingeishi kwa mpunga pekee. Hariri ndiyo iliyoziba pengo, na bei yake ilipoporomoka kijiji kizima kiliingia kwenye madeni. "Mkulima wa China" kumbe alikuwa pia mtu wa kiwanda na soko.

Fei huyohuyo ndiye aliyetoa, katika miaka ya 1940, wazo ambalo wanafunzi wa sosholojia China husoma hadi leo: kwamba mahusiano ya Mchina wa kijijini yamekaa kama mawimbi yanayotawanyika jiwe likitupwa majini. Mtu yuko katikati, na wajibu wake kwa wengine hupungua kadiri wanavyokuwa mbali naye. Wazo hilo halikuchukuliwa London. Lilitoka kwenye vijiji alivyovikalia.

Kisha somo likafungwa. Vyuo vikuu vilipopangwa upya mwaka 1952 kwa mfano wa Kisovieti, idara za sosholojia zilifutwa kwa madai kwamba ni elimu ya mabepari. Mwaka 1957 Fei alibandikwa jina la adui wa kisiasa wa mrengo wa kulia, na kwa zaidi ya miaka 20 hakuweza kufanya kazi yake. Somo lilirudishwa mwaka 1979, kiongozi wa China Deng Xiaoping alipokiri hadharani kwamba taaluma kadhaa, sosholojia ikiwemo, zimepuuzwa na lazima pengo lifidiwe. Fei ndiye aliyepewa jukumu la kuijenga upya, akiwa na umri wa karibu miaka 70. Alifariki mwaka 2005.

"Sera ya mtoto mmoja ilimgusa kila mtu, na ndiyo iliyopunguza uzazi"

Uzazi ulikuwa umeshashuka kabla. Mwaka 1970 mwanamke wa China alizaa kwa wastani watoto karibu 6. Mwisho wa muongo ule wastani ulikuwa chini kidogo ya 3, kufuatia kampeni ya kuolewa kwa kuchelewa, kupisha uzazi na kuzaa wachache. Sera ya mtoto mmoja ilikuja baada ya hapo, kuanzia mwaka 1980, na hata hiyo haikuwa moja kwa wote. Tangu katikati ya miaka ya 1980, mikoa mingi iliruhusu familia za vijijini ambazo mtoto wa kwanza ni wa kike kupata wa pili, na makabila madogo yalikuwa na masharti yao. Ukatili uliokuwepo, wa kulazimisha wanawake kutoa mimba na kufunga kizazi, ulitokea kweli na haupaswi kupunguzwa makali.

Kuna matokeo ambayo wengi hawayatarajii. Kwa upande mmoja, upendeleo wa mtoto wa kiume ulifanya wavulana wanaozaliwa wazidi sana wasichana. Kwa upande mwingine, watafiti waliokaa na familia za mijini waliona mabinti wa pekee wakisomeshwa kwa nguvu zote za wazazi, kwa kuwa hapakuwa na kaka wa kupewa ada. Sera ilikoma kuanzia mwaka 2016, mwaka 2021 watoto watatu wakaruhusiwa, na bado mwaka 2022 idadi ya watu wa China ilianza kupungua. Kwa nini vijana hawataki kuzaa hata wakiruhusiwa? Swali hilo ni mradi mzima wa shahada kwa anayelitaka.

"Kila Mchina ana alama zake serikalini"

Hapana. Hakuna alama moja ya taifa kwa kila raia. Mpango wa kupima uaminifu wa raia na kampuni uliotangazwa mwaka 2014 umezaa mifumo mingi isiyofanana: orodha ya mahakama ya wanaokaidi kulipa madeni, ambao huzuiwa kupanda ndege na treni za kasi, majaribio ya miji michache, kama Rongcheng mkoani Shandong, na alama za kampuni binafsi za kukopesha. Ufuatiliaji wa raia China ni mkubwa, na mtu anaweza kuukosoa vikali bila kutegemea picha isiyo ya kweli.

"*Guanxi* ni rushwa tu"

Guanxi ni mtandao wa kujuana na kusaidiana, na kujuana kupo kila nchi. Sisi wenyewe tunajua kazi za kujuana zilivyo. Mwanasosholojia hakuchukulii kujuana kuwa tabia ya kabila, anauliza kunafanyaje kazi. Mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mpya mara nyingi huletwa na watu tunaowafahamu kwa mbali, kwa kuwa marafiki wa karibu wanajua yaleyale tunayoyajua. Mwanasosholojia Mchina Bian Yanjie alipochunguza mji wa Tianjin mwaka 1988 alikuta kinyume chake: waliopata kazi nzuri walisaidiwa na watu wa karibu sana, mara nyingi kupitia mtu wa kati anayeaminiwa na pande zote mbili.

Sababu ni mfumo wa ajira. Kazi zilipangwa na serikali, kwa hiyo habari haikuwa tatizo. Kilichotakiwa ni ofisa akubali kupindisha utaratibu kidogo, na jambo hilo huwezi kumwomba usiyemwamini. Nadharia ya Marekani haikuwa na makosa, ila ilizaliwa kwenye soko la ajira la aina moja. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi waisome China: inaonyesha mahali ambapo nadharia tulizokaririshwa zinafika mwisho wake.

"Bila Kichina usijaribu, na takwimu hazipatikani"

Kwa shahada ya kwanza unaweza kuanza bila Kichina, mradi uanze kujifunza mapema. Tangu mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Confucius, inayofundisha Kichina, na ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitangulia mwaka 2005. Ukifika mahojiano na wazee wa vijijini, hata Kichina sanifu hakitatosha.

Takwimu zipo. Chuo Kikuu cha Peking kimefuatilia kaya takriban 15,000 katika mikoa 25 tangu mwaka 2010, na Chuo Kikuu cha Renmin kimeendesha utafiti mpana wa jamii tangu mwaka 2003. Mtafiti wa nchi nyingine anaweza kuomba data hizo. Usidanganywe, lakini, kwamba kila mlango uko wazi. Utafiti huru kuhusu Xinjiang au Tibet ni mgumu mno.

"Ukimaliza utakuwa mkalimani"

Ukalimani ni kazi ya heshima, ila si mwisho wa njia. Mwanasosholojia Ching Kwan Lee alianza na wafanyakazi wa viwandani China, kisha akaja Afrika: kiwanda cha Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China mwaka 1968, na migodi ya shaba ya Zambia. Huko Zambia aligundua kwamba kampuni ya serikali ya China ililipa mishahara midogo kuliko wenzake, lakini bei ya shaba ilipoanguka mwaka 2008 ilibakiza wafanyakazi wake wakati wengine wakifukuza. Chama cha wafanyakazi au ofisi ya serikali inayokaa mezani na mwekezaji inahitaji mtu anayeweza kueleza tofauti ya namna hiyo kabla mkataba haujasainiwa.