Kuamua si neno la kuazima
Hapa Tanga imezoeleka kusema kwamba maneno yote ya kesi tumeyapata kwa Waarabu. Si kweli. Hukumu, hakimu na mahakama, sawa, ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Sulhu na shahidi pia ni Kiarabu. Jaji ni Kiingereza. Lakini kuamua ni Kibantu halisi. Pita Ngamiani vijana wakikabana mashati, utasikia: "Jamani, waamueni!" Hapo hakuna anayeomba hukumu, anaomba mtu aingie katikati, awatenganishe. Ndiko alikotoka mwamuzi, wa mpirani na wa mashauri. Inaniuma neno zito hivi kunyimwa asili yake. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya migogoro ya kazi, imebeba asili zote mbili: sulhu ya Kiarabu, kuamua kwetu.