Je, wajua kwa nini kuchambwa kwenye grupu kunamuuma kijana kuliko kuchambwa uso kwa uso?

Sisi watu wa Tanga kusemana hatukuanza leo. Taarab imelelewa hapa, Black Star na Lucky Star zimevuma kutokea mji huu huu, na mwanamke akiwa na lake moyoni alikuwa anajifunga kanga yenye maneno anapita nayo mlangoni kwa mwenzie na ujumbe unafika. Ndo mana mtoto akija analia kwamba anasemwa kwenye simu wazazi wengi wanamjibu "we nawe, maneno tu hayo, yapuuze". Siwalaumu, wao wamekua hivyo. Ila ya kwenye simu sio yale yale hata kidogo.

Kijembe cha kanga kilikuwa na mwenyewe. Unamwona, anakuona, ukiumia sura yako inasema, na mtu akiona mwenzie machozi yanamlenga mara nyingi anapunguza, au shangazi mmoja anatoka barazani anawaambia basi inatosha. Kwenye simu sura haipo. Mwanasaikolojia wa Marekani John Suler aliliandikia jambo hili mwaka 2004, akaeleza kwamba mtu akiwa hajulikani, haonekani, na majibu hayamfikii papo hapo, breki zake zinalegea, anasema ambayo mbele ya mtu asingethubutu. Kwa hiyo yule kijana mpole anaekusalimia shikamoo vizuri kabisa pale Ngamiani anaweza kuwa ndo huyo huyo mwenye akaunti feki inayotukana wenzie usiku.

Hiyo ni upande wa anaepiga. Upande wa anaepigwa ndo mzito zaidi na ndo watu hawauoni.

Mwaka 1967 mtaalamu mwingine wa Marekani, David Elkind, alieleza kwamba kijana akishabalehe anaanza kuhisi kama watu wote wanamtazama yeye, chunusi moja tu anajua mtaa mzima umeiona. Wakubwa walikuwa wanamtuliza kwa kumwambia hamna mtu anakuangalia bwana, na ilikuwa kweli, hamna aliekuwa anamwangalia. Sa hivi ni uongo. Picha yake ikiwekwa status aliyeiweka anapata orodha nzima ya walioitazama kwa majina yao, kwenye grupu meseji ina wasomaji na saa waliyosoma. Ule wasiwasi wa ujana uliokuwa wa kufikirika tu, simu imeufanya kuwa kitu cha kweli kinachohesabika, alafu sisi bado tunamjibu mtoto kwa jibu la zamani.

Chukua binti wa kidato cha pili, anakaa Makorora. Jumamosi walikwenda Raskazone na wenzie, mmoja kampiga picha mdomo wazi anatafuna muhogo. Jioni uso wake umeshakatwa umekuwa stika, chini pameandikwa maneno ya kumcheka mwili wake, imetupwa kwenye grupu la darasa na watu wanaangusha vicheko. Aliyeitengeneza hata akiifuta haisaidii, mana kila alieipenda keshaihifadhi kwenye simu yake. Jumatatu binti anauliza kwenye grupu hesabu za mwalimu ni ukurasa wa ngapi, anajibiwa na uso wake mwenyewe. Jumanne hivyo hivyo. Zamani mtoto akionewa shuleni akifika nyumbani anafunga mlango anapumzika, huyu yale ya shuleni yanamfuata mpaka kwenye neti ya kulalia, na akijitoa kwenye grupu anakosa kazi za darasa na wanapata jingine la kumsema kwamba kakimbia.

Na hata bila kutukanwa, kutengwa peke yake kunauma. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani na Australia waliwaweka watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo wakawachezesha mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta, alafu wenzake wakaacha kumrushia, na sehemu ya ubongo inayohusika na maumivu ya mwili ikaonekana kufanya kazi. Huo ni mpira wa kompyuta na watu asiowajua, sembuse kutolewa kwenye grupu na marafiki uliosoma nao tangu chekechea.

Sasa kama kinachouma ni watazamaji, basi dawa nayo inaanzia kwa watazamaji. Mimi hili naliamini sana. Kwenye grupu la watu hamsini wanaochamba huwa ni wachache, wengine wote wamekaa kimya, ila anaechambwa kimya chao anakisoma kama wamekubali. Mmoja akimfuata inbox akamwambia "pole, mimi sijapenda walichofanya", mzigo unapungua nusu. Admin nae asijifanye hayamhusu, WhatsApp inamruhusu kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye grupu lake ukafutika kwa wote, afute na amtoe mwenye fujo.

Wewe unaechambwa usijibu kwa hasira, jibu lako ndo wanalolisubiri wapate cha kuskrinishoti. Kabla hujamblok mtu chukua skrinishoti kwanza, namba yake kamili ionekane na tarehe na saa, mana jina ulilosevu wewe halithibitishi kitu na yeye anaweza kufuta wakati wowote. Alafu ripoti, alafu blok.

Picha za utupu ni habari nyingine, zile wanazoziita konekshen. Kama ni za mtoto usimtumie mtu yeyote hata kwa kusema ni ushahidi, peleka simu yenyewe polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ilianza 2023, ni ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako, inatengenezewa alama ya namba tu, na alama hiyo ndo inatumwa kwa mitandao kama Facebook, Instagram na TikTok waisake na kuiondoa. Wakubwa wana huduma yao ya namna hiyo, inaitwa StopNCII. Ndani ya magrupu ya WhatsApp huduma hizi hazifiki, kwa hiyo huko ni admin na polisi.

Na sheria ipo. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza moyo, faini haipungui shilingi milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote pamoja. Aliyetuma akiwa chini ya miaka 18 anahesabiwa mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 na ana mahakama yake, ila kesi ni kesi.

Wazazi, nawaomba kitu kimoja, msimnyang'anye simu alieonewa. Najua ndo wazo la kwanza linalokuja, lakini mtoto anaona kaadhibiwa yeye, na watoto wengi hawasemi kwa sababu hiyo hiyo, wanaogopa simu itachukuliwa. Mwambie, "mwanangu, hujakosa kitu, hebu nionyeshe," alafu soma mpaka mwisho bila kugomba. Akishindwa kuongea na wewe apige 116, simu ya mtoto, ni bure. Na ukiona chakula hataki, usingizi hapati, shule hataki, au kaandika mahali kwamba bora afe, usiseme anajidekeza. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi muende hospitali wote wawili, ikibidi hata usiku huo huo, Bombo pako wazi.