Kundi la kulinganisha ni nini, na kwanini "mimi nimepona" peke yake haitoshi

Kwenye magrupu ya WhatsApp haipiti wiki bila mtu kutuma voice note, shangazi yake alisumbuliwa na tumbo miaka yote, kanywa maji ya majani fulani siku 14, sasa hivi mzima kabisa. Na shangazi hadanganyi, kapata nafuu kweli. Ila kuna swali ambalo hatuulizani: asingekunywa yale maji ingekuwaje? Kundi la kulinganisha ndio njia ya kulijibu hilo swali, na kwa maoni yangu mwanafunzi wa form one angetakiwa alielewe hili kabla hajakaririshwa sehemu za ua.

Kundi hilo ni watu wanaofanana na wale wanaopewa dawa, umri uleule, mazingira yaleyale, wanafuatiliwa muda uleule, ila hiyo dawa wao hawapewi. Basi. Kupitia hao unaona nini kingetokea kama dawa isingekuwepo.

Tunawahitaji kwa sababu mwili una mambo yake. Mafua yanaisha yenyewe, mgongo na pumu vinapanda na kushuka, na mtu kwa kawaida anakimbilia dawa siku ile kazidiwa kabisa, kwahiyo siku zinazofuata angeweza kupata nafuu hata kama hajameza kitu. Halafu aliyekunywa akafariki harudi kwenye grupu kutoa ushuhuda, tunaowasikia ni waliobaki. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walienda Samunge kule Loliondo kunywa kikombe cha Babu, yaani dawa ya mitishamba ya mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita, shuhuda zilikuwa nyingi mno, na wapo walioacha ARV zao kwa kuamini wameshapona. Sina neno baya kwa watu wale, mtu anayeumwa anatafuta uzima popote. Ila wingi wa shuhuda, hata zikifika laki, hauwezi kujibu lile swali.

Sasa angalia chanjo ya malaria, RTS,S. Majaribio makubwa yalianza 2009, watoto zaidi ya elfu 15 kwenye vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwetu Tanzania vilikuwepo Bagamoyo na Korogwe, Kenya kulikuwa na Kilifi, Siaya na Kombewa. Nani apate chanjo na nani awe kwenye kundi la kulinganisha haikuamuliwa na daktari wala mzazi, ilikuwa kama bahati nasibu tu, kwa sababu ukiwaachia watu wachague utakuta wenye uwezo na wanaoishi karibu na hospitali wamejaa upande mmoja, na hao tayari wanaumwa kidogo kuliko wengine.

Na wale wa kulinganisha hawakuachwa mikono mitupu. Wakubwa kidogo walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, wachanga wakachomwa ya homa ya uti wa mgongo, kwahiyo nao walipata kinga ya kitu fulani. Bomba la sindano lilifunikwa kwa tepu isiyopitisha mwanga ili rangi ya dawa isionekane, na anayempima mtoto baadaye hakujua huyu alichomwa ipi. Hapa naomba utulie kidogo, maana mzazi akijua mwanae kapata chanjo ya malaria anaweza akalegeza neti, na nesi akijua anaweza asiichukulie homa kwa uzito uleule, bila nia mbaya yoyote.

Matokeo, watoto wa miezi 5 hadi 17 walioanza na dozi 3 na kuongezewa ya nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36 ndani ya takriban miaka 4. Hapa wengi wanaelewa vibaya. Haimaanishi watoto 36 kati ya 100 hawaugui tena. Inamaanisha pale ambapo kundi la kulinganisha liliugua mara 100, kundi la chanjo la idadi ileile liliugua kama mara 64. Kwahiyo mama wa Korogwe angeweza kabisa kumuona mwanae kachanjwa na bado kashikwa na malaria, akasema chanjo uongo, na kwa anachokiona nyumbani kwake ana haki, ila zile mara 36 ambazo hazikutokea hakuna mama anayeweza kuziona, zinaonekana ukiweka makundi mawili pembeni kwa pembeni tu.

Kitu kinachonipa mimi imani zaidi ni kwamba kundi hilohilo linafichua na mabaya. Kwa hao watoto wa miezi 5 hadi 17 zilionekana kesi 21 za homa ya uti wa mgongo kwa waliochanjwa, ambao kwa idadi walikuwa karibu mara mbili ya wenzao, na kesi 1 tu kwenye kundi la kulinganisha. Watafiti hawakuificha, waliitangaza wenyewe 2015 pamoja na hiyo asilimia 36. Shirika la Afya Duniani, WHO, halikukimbilia kuipitisha chanjo kila mahali, 2019 ikaanza kutolewa kwanza kwenye maeneo ya Malawi, Ghana na Kenya, tena maeneo mengine ya nchi hizohizo yakasubirishwa makusudi ili yawe ya kulinganishia, na homa ya uti wa mgongo ikafuatiliwa hospitalini pande zote mbili. Haikuonekana kuzidi kwa waliochanjwa, na Oktoba 2021 ndio WHO ikaipendekeza.