Unyoya Usio na Kulabu: Kumfuga Silki na Kumpiga Picha

Jirani yangu hapa Kibaha alipomwona silki kwa mara ya kwanza aliniuliza kama nimeanza kufuga sungura. Sikumlaumu. Akiwa amejikunyata kivulini, mweupe, mviringo, mkia hauonekani, kwa mbali huwezi kusema ni kuku. Huu ni mwaka wa tisa ninao, na karibu muda wote huo nimekuwa nikiwapiga picha. Nilianza ili niuze vifaranga. Siku hizi ni uraibu tu. Maswali ninayoletewa sana ni mawili: mbona wangu wanakufa masika, na mbona kwenye picha wanatoka kama bonge la pamba lenye tundu jeusi katikati? Yote mawili nayajibu kwa kuanzia kwenye unyoya.

Okota unyoya wa bawa la kuku wa kienyeji. Utawanye nyuzi zake, kisha uupitishe katikati ya vidole kutoka shina kwenda ncha. Unajifunga tena kama zipu. Nyuzi hizo zina vijikulabu vidogo mno vinavyoshikana. Wa silki hauna. Kila uzi unakwenda njia yake, ndiyo maana ukimshika unadhani umeshika hariri. Lakini maji nayo hayazuiwi na chochote, na bawa halishiki upepo, kwa hiyo haruki. Ukimwekea kichanja kirefu utamkuta asubuhi amelala sakafuni na wenzake, wamerundikana pembeni kama nguo za kufua.

Asili yake ni Asia, na wengi hutaja China. Marco Polo, msafiri wa Venice wa karne ya 13, alisimulia habari za kuku weusi wa huko wenye manyoya kama ya paka. Wachina wanamla hadi leo, hasa supu yake, ambayo hupewa mzazi aliyetoka kujifungua. Ngozi ni nyeusi, mifupa nayo nyeusi, hata yule ambaye nje ni mweupe pe. Ana vidole vitano mguuni badala ya vinne, ndewe za rangi ya feruzi, na upanga uliokunjamana wenye rangi ya zambarau iliyoiva. (Kuna mzee aliwahi kunijia akitafuta kuku mweusi kwa kazi ya mganga. Nilimpulizia manyoya mtetea mweupe akaiona ngozi. Akasema atarudi kuuliza kama huyo anahesabika. Hajarudi.)

Sasa masika. Mwaka wangu wa pili bati la banda lilikuwa na tundu la msumari, dogo tu. Mvua ya usiku kucha ilidondokea kona waliyolala watetea watatu. Kuku wa kienyeji angejikung'uta asubuhi akaendelea na shughuli zake. Hawa walilowa hadi kwenye ngozi, baridi ikawaingia, na kufikia saa nne asubuhi wawili walikuwa wamekufa. Wa tatu nilimwokoa kwa taulo na draya ya saluni ya mke wangu. Tangu hapo sakafu yangu imeinuka kutoka ardhini, paa limetokeza nje ya ukuta, na maranda nayabadilisha kabla hayajanuka, si baada. Chombo cha maji kiwe na mdomo mwembamba. Beseni halifai, kwa sababu atatumbukiza ndevu zote na kushinda na kifua kibichi.

Shungi nalo lina mambo yake. Likikua linafunika macho, na kuku asiyeona juu ni chakula cha mwewe. Waliosema mgeni ni kuku mweupe walijua jinsi kuku huyo anavyoonekana uwanjani. Mimi nalipunguza kwa mkasi mbele ya macho, au nalifunga kwa raba laini siku ya picha. Chini ya shungi hilo fuvu lenyewe lina kinundu, na kwa baadhi yao mfupa wa hapo hauzibi vizuri. Dono moja la kuku mwenye nguvu linaweza kumwacha shingo imepinda, kichwa kinatazama mgongoni. Kwa hiyo usimchanganye na kuchi, yule kuku mrefu wa kupigana. Naomba nisirudie hili: usimchanganye na kuchi.

Utitiri na chawa hupenda kujificha humohumo kwenye shungi na chini ya mkia. Pekua kila wiki, na umwekee mahali pa kuoga vumbi, mchanga mkavu uliochanganywa na majivu. Chanjo ni zilezile za kuku wengine: mdondo, ndui, gumboro. Ile ya mdondo ya tone la jicho nairudia kila baada ya miezi mitatu. Mahepe, yaani ugonjwa wa Marek unaopooza miguu na mabawa, ndiyo inayowasumbua sana silki, na chanjo yake hutolewa kifaranga akiwa wa siku moja, kwa hiyo muulize anayekuuzia kabla hujalipa.

Mayai usitegemee. Anataga machache, madogo, kisha anaatamia. Ukimwondoa anarudi. Nimewahi kumkuta mmoja ameatamia kiazi. Wenye bata huja kuazima watetea wangu waatamie mayai yao, maana siku 28 za yai la bata kwake si kitu.

Tuje kwenye kamera. Kamera haijui kama unapiga kuku au ukuta. Inapima mwanga na kutaka kila kitu kiwe na wastani wa kijivu. Silki mweupe akijaa fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, naye anatoka kama aliyegaagaa kwenye saruji. Hapo ongeza mwanga kidogo. Akiwa mdogo ndani ya fremu, nyuma yake kichaka cha kijani kibichi, mambo yanageuka: kamera inahangaika kuangaza kichaka na manyoya yanaungua, huoni uzi hata mmoja. Hapo punguza. Kwa simu, gusa kwenye mwili wa kuku, shikilia, kisha teremsha alama ya mwanga mpaka nyuzi za kifuani zionekane. Nyuzi zikishaungua hakuna programu itakayozirudisha.

Uso ni mtihani mwingine. Ni mweusi, jicho jeusi, katikati ya weupe mtupu. Jua la saa sita halifai kabisa. Mimi natumia kivuli cha mwembe, kuku akitazama upande uliofunguka angani, ili nukta ya mwanga iingie jichoni. Bila nukta hiyo unapata lile tundu nililosema. Mkononi mwa msaidizi kuna mfuko mweupe wa salfeti uliotandazwa juu ya kartoni, unarudisha mwanga usoni hadi ule ubuluu wa ndewe unajitokeza. Na usimsimamishe kwenye udongo wetu mwekundu, maana tumbo lote linaiva rangi ya chungwa. Majani ni nafuu zaidi. Kanga kama pazia la nyuma nimejaribu. Maua yalishinda kuku.

Lala chini. Lenzi iwe usawa wa jicho lake, hata kama majirani watapita wakikuuliza umeanguka. Kuku husogeza kichwa kwa mshtuko, kisha anakituliza kidogo kabla ya mshtuko mwingine. Piga kwenye utulivu huo, mfululizo, kasi isipungue 1/500 ya sekunde. Kuosha fanya siku mbili kabla, asubuhi, kwa shampuu ya watoto na maji ya vuguvugu, umkaushe mpaka shinani. Ukipiga siku hiyohiyo manyoya yanakuwa yameshikana vishada.

Picha ninazozipenda kuliko zote napiga saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa nyuma yake. Kuku wa kawaida atapata mstari mwembamba wa dhahabu mgongoni, kwa sababu manyoya yake yamefungana. Silki, kila uzi uliolegea unashika mwanga wake na mwili mzima unawaka pembeni. Kasoro ileile iliyoniulia watetea wawili.

Kwa kuuza, hata hivyo, picha hizo nimeacha kuzituma. Ukimpandisha jogoo silki kwa mtetea wa kienyeji, vifaranga mara nyingi hurithi vidole vitano na ngozi nyeusi, lakini manyoya yanakuwa ya kawaida, maana hariri inataka kurithiwa kwa baba na mama pia. Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, kama kifaranga mwingine yeyote, na hapo ndipo watu wanapopigwa. Kwa hiyo mteja namtumia picha ya bawa la kifaranga wa wiki tatu, limekunjuliwa juu ya karatasi nyeusi, nyuzi zimetawanyika kama ufagio uliochakaa. Wengi hujibu: "Kaka, mbona hujanitumia yenye sura?"