Wakili wako hakukutoza, lakini aliyeshindwa bado anadaiwa gharama

Wateja wengi tunaowatetea bure hushtuka hukumu inaposomwa na jaji akamwamuru aliyeshindwa alipe gharama za kesi. "Gharama zipi," huuliza, "nami sikutoa hata senti?" Swali ni la haki kabisa, na kwa miaka mingi mawakili wa upande wa pili wamelitumia kama ngao.

Hoja yao husimama juu ya kanuni ya zamani: gharama za kesi ni kumrudishia mshindi alichotumia. Aliyetumia sufuri, hurudishiwa sufuri. Ukiisikia haraka inaingia akilini. Lakini itazame kwa jicho la mwajiri mwenye fedha anayeshtakiwa na kibarua asiye na kitu. Akijua kwamba hata akishindwa hatalipa gharama, ana sababu gani ya kumaliza shauri mapema? Ataomba kesi iahirishwe, ataleta pingamizi juu ya pingamizi, na saa zote hizo zitamlemea wakili aliyejitolea. Mimi naona huko ni kumzawadia mkosaji kwa wema wa mtu mwingine.

Afrika Kusini imelimaliza jambo hili kwa maandishi. Kifungu cha 92 cha Sheria ya Utendaji wa Kazi za Kisheria, namba 28 ya mwaka 2014, kinasema kwamba mtu aliyehudumiwa bure akipewa gharama, iwe kwa hukumu au kwa makubaliano, anahesabiwa kuwa amehamishia haki ya gharama hizo kwa wakili au kituo cha msaada wa kisheria kilichomhudumia. Zinakokotolewa kana kwamba mteja alizilipa kweli. Zamani, chini ya kifungu cha 79A cha Sheria ya Mawakili ya 1979, nafasi hiyo ilikuwa ya vituo vya msaada wa kisheria.

Kinachohitajika ni taarifa ya maandishi kwa mdaiwa wa gharama na kwa msajili au karani wa mahakama, kabla gharama hazijalipwa. Baada ya hapo wakili anaweza kuzidai kwa jina lake mwenyewe.

Uingereza na Wales wamepita njia nyingine. Kifungu cha 194 cha sheria yao ya huduma za kisheria ya 2007 kinampa hakimu uwezo wa kuagiza aliyeshindwa alipe, ila fedha haziendi kwa wakili. Zinakwenda kwa Access to Justice Foundation, mfuko unaosaidia mashirika yanayotoa ushauri wa kisheria bure. Na aliyeshindwa naye akiwa ametetewa bure kesi nzima, agizo hilo haliwezi kutolewa dhidi yake.

Mahali tunapopoteza fedha hizi ni kwenye daftari. Wakili asiyetoza huona hana haja ya kuandika muda wake. Siku ya kukadiria gharama anafika na jalada nene lisilo na saa hata moja. Andika kila siku, hivi: "Jumanne, saa 3:00 hadi 4:30, kusoma mkataba wa kazi na barua ya kuachishwa; saa 8:00, simu kwa shahidi, dakika 20." Mkadiriaji, yaani afisa wa mahakama anayepima gharama, hawezi kukupa muda usioweza kuuonyesha.

Mahali pengine tunapozipoteza ni kwenye suluhu. Sentensi fupi, "kila upande utabeba gharama zake," huingizwa mwishoni mwa makubaliano na wengi husaini bila kuitazama. Isome. Lakini ikiwa mteja amepewa mshahara wake wote na anachotaka ni kwenda nyumbani, usimzuie kwa ajili ya gharama zako. Kesi ni yake.

Mteja naye aambiwe siku ya kwanza, kabla hajasaini chochote: kutetewa bure hakumkingi asiamriwe kulipa gharama za upande wa pili akishindwa. Afrika Kusini kuna nafuu kwa anayeishtaki serikali kwa nia njema kuhusu haki za kikatiba; tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba katika kesi ya Biowatch mwaka 2009, kwa kawaida hatozwi gharama za serikali hata akishindwa. Katika ugomvi wa kawaida kati ya watu binafsi, nafuu hiyo haipo.