Utabiri wa siku hizi za demani Lamu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba kusi, upepo wa kusini uliokaza tangu Juni, huanza kulegea, kaskazi, upepo wa kaskazini, bado iko mbali, na mvua za vuli hazijaingia. Ndiyo demani. Wavuvi wa Kizingitini wanaanza kutoka nje ya miamba, abiria wa Pate na Faza wanaongezeka, wageni wanajaa Shela. Na ndipo utabiri wa siku saba unaposomwa vibaya kuliko wakati wowote wa mwaka, kwa sababu watu hutazama picha iliyo kwenye simu: wakiona jua wanasema bahari shwari. Jua halina habari yoyote ya bahari.

"Hakuna mvua, kwa hiyo safari ni salama."

Hii ndiyo dhana inayoniudhi zaidi, maana ndiyo inayohatarisha watu. Hapa kwetu mvua ni jambo la pili. La kwanza ni upepo, na upepo wa demani una saa zake. Asubuhi nchi kavu haijapata moto, bahari inalala, na ukisimama gatini unaweza kuapa kwamba kusi imekwisha. Kufika adhuhuri bara imechemka, upepo wa bahari unaanza kuvuta kuelekea nchi kavu, nao unaungana na kusi iliyobaki. Alasiri ya siku hiyohiyo, chini ya anga lisilo na wingu, mashua iliyojaa watu inaweza kukuta bahari nyingine kabisa.

Juu ya upepo kuna maji. Siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo tunakuwa na bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, na bamvua za karibu na Septemba 22 au 23 ni miongoni mwa kubwa za mwaka, kwa kuwa siku hizo jua liko juu ya ikweta na mvuto wake unashikana na wa mwezi. Pwani yetu ina tabia ambayo kila mvuvi anaijua: wakati wa bamvua maji hujaa kwenye saa kumi au saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa kwenye saa nne. Sasa weka mambo hayo pamoja. Jioni maji yanageuka, mkondo unatoka kwa kasi kupitia mlango wa Shela, njia ya maji kati ya Shela na kisiwa cha Manda, kuelekea bahari kuu, na wakati huohuo kusi ya alasiri inaingia kutoka huko nje. Mkondo ukipigana na upepo, mawimbi hayarefuki tu, yanasimama wima na kukaribiana, na chombo kidogo hakipati nafasi ya kupumua kati ya wimbi na wimbi. Upepo uleule, maji yakiwa yanaingia, mawimbi hayasimami hivyo.

Kwa hiyo nahodha anayesema tungoje maji au tuondoke mapema hapotezi muda wa mtu. Naomba abiria tuache kumsukuma. Tukiambiwa na Idara ya Hali ya Hewa kwamba upepo utazidi noti 25, yaani kama kilomita 46 kwa saa, hilo ni onyo kwa boti zetu hata kama hakuna tone moja la mvua lililotajwa.

Mawimbi makubwa pia huja bila upepo. Dhoruba za mbali kusini mwa Bahari ya Hindi hutuma mawimbi marefu yanayosafiri maelfu ya kilomita, yakafika pwani yetu siku kadhaa baadaye, sisi tukiwa hatuna hata upepo wa kupeperusha leso.

"Walisema mvua Pwani, kwetu haikunyesha. Wametudanganya."

Utabiri wa Pwani unajumlisha Kwale, Mombasa, Kilifi, Tana River na Lamu. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni zaidi ya kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Na maneno ya taarifa yana vipimo: ikisemwa "sehemu chache", maana yake ni chini ya theluthi moja ya eneo, "sehemu kadhaa" ni kati ya theluthi moja na theluthi mbili, "sehemu nyingi" ni zaidi ya hapo. Mvua ikinyesha Diani na Mtwapa, Lamu pakabaki pakavu, utabiri wa sehemu chache umetimia. Tena manyunyu ya msimu huu huja usiku au alfajiri kutoka baharini na kupita upesi. Aliyeamka saa mbili anaweza kuapa hayakuwapo, ilhali makuti ya jirani bado yanadondoka.

"Vuli ikishika itajaza visima."

Ingekuwa hivyo ningefurahi. Lakini mvua yetu kubwa ni ya Aprili hadi Juni, na Mei pekee kwa wastani hutupa mvua kuliko Oktoba, Novemba na Desemba kwa pamoja. Mtu aliyetoka sehemu za bara kama Ukambani, ambako vuli ni msimu mkubwa wa kupanda, hushangaa akiona sisi tunaihesabu kama nyongeza tu. Maji matamu ya mji wa Lamu yanategemea mvua inayozama kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na sehemu kubwa ya akiba hiyo huingia wakati wa mvua za Mei. Ndiyo sababu kujenga juu ya vilima vile ni jambo la kupingwa kwa sauti kubwa mwaka mzima.

Watasema basi tungoje El Niño, ile hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kuliko kawaida. Mwaka 1997 ilileta mafuriko nchini, kweli. Mwaka 2015 ilikuwa na nguvu kubwa, na mvua iliyoogopwa haikufika kwa kiwango hicho. Mwaka 2019 mafuriko yalikuja bila El Niño ya maana, kwa sababu maji ya upande wetu wa Bahari ya Hindi yalikuwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia. Jina moja halitoshi kutabiri vuli.

"Maji yamepanda hadi barabarani, ni tsunami."

Ni bamvua. Tsunami husababishwa na tetemeko au maporomoko chini ya bahari, kama ile ya Desemba 26, 2004 iliyotufikia kutoka Sumatra. Haiji na mawingu wala haifuati mwezi. Bamvua inajulikana mapema, jedwali la maji kujaa na kupwa hutolewa la mwaka mzima. Kusambaza sauti za hofu usiku kwenye simu za wazee na wagonjwa ni dhuluma.

"Wazee wanajua, utabiri wa nini?"

Wazee wanajua kweli, na ninawaheshimu. Hesabu yao ya miongo, yaani vipindi vya siku kumi kumi, kutoka Nairuzi, mwaka mpya wa jadi wa Waswahili, ni ya jua, si ya mwezi, kwa sababu miezi ya Kiislamu hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka na haiwezi kushika msimu. Hesabu hiyo inakwambia demani ni lini. Haikwambii kama upepo wa Alhamisi utakaza. Utabiri unakadiria hilo, lakini haujui mlango wa Shela ulivyo maji yakitoka. Nahodha mzuri hutumia vyote viwili.

"Ni utabiri wa siku saba, basi siku zote saba zina uhakika sawa."

Siku mbili tatu za mwanzo ndizo za kutegemea. Kuanzia ya nne, chukulia kwamba ni mwelekeo tu. Mwenye arusi Faza Jumapili akisoma Jumatatu kwamba kutakuwa shwari, asome tena Ijumaa, halafu Jumamosi usiku, na atazame mstari wa upepo kabla ya picha ya jua.