Clara Bow hakuangushwa na sauti yake

Kila muhula, tukifika kwenye sinema bubu, lazima mwanafunzi mmoja aniambie kwamba sauti ilipoingia, waigizaji wa kike wote walikwisha. Mfano ni uleule: Clara Bow, nyota wa Hollywood wa miaka ya 1920, na lafudhi yake ya Brooklyn, New York. Wengi wameiokota Singin' in the Rain, filamu ya kubuni ya 1952 ambamo nyota wa sinema bubu anaaibishwa na sauti yake, wakaigeuza historia. Nimechoka.

Haya, tufuate miaka. The Wild Party, filamu yake ya kwanza ya sauti, ilitoka 1929 na ikajaza kumbi. Paramount, studio iliyomwajiri, wakaendelea kumpa nyingine za sauti. Maikrofoni ilimtesa kweli, ila si kwa sababu ya lafudhi. Alizoea kuranda seti nzima. Sasa akatakiwa kubanana na kifaa kisichosogea, na macho yakawa yanakirudia kila mara. Mwongozaji, Dorothy Arzner, akaagiza maikrofoni ifungwe kwenye ufito wa kuvulia samaki, imfuate anakokwenda. Ule mti wa maikrofoni mnaogombania nani aushike siku za mazoezi ni mjukuu wa ufito huo.

Kilichomchosha ni mahakama na magazeti. Januari 1931 katibu wake wa zamani alisimama mahakamani kwa shtaka la kumwibia, na kesi hiyo ikaanika mambo ya Clara ya chumbani. Akaugua, na mwaka huohuo akaachana na Paramount. Akaolewa na mwigizaji Rex Bell, wakaishi kwenye ranchi Nevada. Kisha studio ya Fox wakamrudisha: Call Her Savage, 1932, na Hoop-La, 1933. Zote za sauti! Akaacha kwa hiari yake, ana miaka 28.

Greta Garbo je, nyota mwingine wa sinema bubu, na lafudhi yake ya Kiswidi? Filamu yake ya sauti Anna Christie, 1930, ilivuma.

Wengine huniambia eti waigizaji hao wa kike walikuwa sura nzuri tu za kupangwa na wanaume. Mary Pickford, nyota mwingine wa sinema bubu, alikuwa mmoja wa wanne walioanzisha kampuni ya filamu ya United Artists 1919, na Oscar yake aliipata kwa Coquette, filamu ya sauti.

Halafu hili la "walikuwa wanaigiza kwa kukurupuka." Filamu bubu nyingi zilipigwa chini ya fremu (picha) 24 kwa sekunde. Ukizionyesha kwa 24, hata mazishi yanakuwa mchakamchaka. Tafuteni nakala iliyorekebishwa kasi kabla ya kuniletea hukumu, na tafadhali, isiwe kipande cha sekunde 30 cha kwenye simu.